Usibonyeze Kubali

Update ya wallet yetu ilitoka bila Morris kuniambia. Nilijua wakati simu yangu ilianza kulia.

Wa kwanza alikuwa Emilio, anauza simu Malakia, hapa Juba. "Majak, wallet yako imejizima kwa browser. Inaniuliza nikubali kitu. Nibonyeze?"

Mimi ndio niliwawekea watu hii wallet, extension ya browser ya kuweka crypto, kwa kompyuta zao, mmoja mmoja. Wakipata bug wananipigia mimi, sio Morris. Morris ndio mwenye kampuni. Anakaa hapa ofisini Thongpiny anaongea na watu wa NGO, mimi natengeneza.

"Usibonyeze. Ngoja."

Nikafungua code mpya. Wallet ya kutuma crypto tu, sasa inaomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa mtu anafungua. Na ndani kuna faili sijaandika mimi. Inachukua chochote mtu anaandika, hata password ya benki, inapeleka kwa server siijui.

"Morris, hii takataka ni ya nani?"

"Wenye wamenunua wallet wanataka hivyo." Hata hakuinua macho kwa simu.

"Umeuza?"

"Ilikuwa yangu. Ama nilifaa kukuomba ruhusa, mheshimiwa?"

"Rudisha ya zamani."

"Account ya kutuma update iko na wao sasa. Wewe fanya kazi yako. Logo haikai sawa, rekebisha."

Logo! Nilitaka kumtupia laptop usoni.

Nikampigia Emilio mbele yake. "Yale maneno kumi na mbili ya siri ya wallet nilikwambia uandike kwa karatasi, unayo?"

"Niko nayo."

"Sawa. Futa hiyo kitu. Weka wallet ingine, andika hayo maneno, pesa yako itatokea. Khalas, imeisha."

Morris akaruka kwa kiti. "Unaniharibia biashara, mjinga wewe!"

"Ndio."

Nikapigia mwingine, futa. Mwingine, futa. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe inafutwa, na sikuacha.

Kisha Namukasa akapiga, yule Mganda wa duka la vyakula kule Gumbo.

"Maneno gani? Ile karatasi mimi ilifungia mteja sukari."

Morris akacheka. "Haya, mwambie pia afute."

Bila yale maneno, kufuta ni kupoteza kila kitu. Morris alijua.

"Mama, usiguse kompyuta. Nakuja."

Nikanakili toleo la zamani kwa flash. Morris akasimama mlangoni. "Hiyo code ni ya kampuni. Ukitoka nayo usirudi."

"Kampuni gani? Si umeuza?"

Nikamsukuma na bega, nikapita.

Namukasa alikuwa ananingoja nje ya duka lake Gumbo. "Umekawia! Kijana, pesa ya mimi ikipotea, leo utalala hapa ndani ya magunia na mimi ndio itafunga mlango."

Nikazima net kwanza, ile faili isipeleke kitu. Nikaweka toleo la zamani juu ya lile jipya, nikamwambia aandike password. Ikakataa.

"Mama, umeandika vizuri?"

"Mimi hapana mtoto!"

"Andika tena. Polepole."

Akaandika huku ananitukana Kiganda. Ikafunguka. Pesa ilikuwa pale, yote. Asante sikusikia. Nikamtolea yale maneno kwa skrini, nikamsukumia kalamu.

"Mimi iko na wateja."

"Andika!"

Mteja wa unga akaita, Namukasa akamfokea angoje. Alipomaliza nikaangalia neno moja moja, halafu nikarudisha net, nikamfungulia wallet ingine, akayaingiza yeye mwenyewe. Pesa ikatokea.

"Na hii ingine ni ya nani?"

"Watu fulani. Siwajui."

"Sasa wewe unatoa mimi kwa mtu unajua, unapeleka mimi kwa mtu hujui?"

"Huyo najua ndiye amekuuza."

Alinitazama vibaya. "Na ikiharibika, nani atakuja?"

Nikavuta kompyuta upande wangu, nikafuta ile wallet niliyotengeneza mimi.