Jokofu la Kuzimwa Jioni

Kaka yangu mkubwa tunamwita Waziri wa Fedha, na jina hilo tulimpa kwa hasira, si kwa heshima. Tangu kiwanda cha sabuni kilipompunguza kazini, nguvu zake zote alizihamishia nyumbani. Vipande vya sabuni vilivyobaki bafuni alivifinyanga pamoja vikawa sabuni nyingine. Dawa ya meno ikikaribia kuisha, aliipasua tyubu kwa mkasi wangu, na mimi fundi cherehani nikabaki kukata nguo za watu kwa mkasi wenye harufu ya mnanaa. Maji ya kufulia ndiyo yaliyomwagwa chooni. Ukisahau taa chumbani, ulihubiriwa mpaka ujute kuzaliwa.

Mama alikuwa upande wake. Alitulea peke yake kwa kubana hivyohivyo, na aliamini kaka ndiye mtoto pekee aliyerithi akili zake. Mimi nilihesabiwa kuwa mharibifu, kwa sababu niliwahi kununua kiberiti kipya wakati cha zamani hakijaisha.

Kisha mama akapata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Ugonjwa wa sukari anao miaka mingi, kwa hiyo daktari hakuzungukazunguka: sukari ikishuka, kidonda kitapona, isiposhuka, mguu utakatwa. Akamwandikia sindano za insulini, asubuhi na jioni, akasisitiza dawa ikae kwenye baridi.

Hapo ndipo penye kazi, maana jokofu letu lilizimwa kila jioni ili kuokoa umeme. Nilimwambia kaka aliache liwake usiku kucha. Akanijibu nisimfundishe, ameshapiga hesabu zake. Vichupa vya dawa akavipachika kule juu kwenye barafu, katikati ya chupa za maji yaliyoganda, ili hata jokofu likizimwa baridi isitoke. Kila ulipofika wakati wa sindano alitoa kichupa, akakiweka kwenye kikombe mpaka kiyeyuke, ndipo akamchoma mama. Hakuwahi kusahau. Mama akamsifu mbele ya majirani, akasema mtoto wa kiume kama huyu wamepewa wachache.

Sukari haikushuka. Kaka akampunguzia mama chakula, kisha akaanza kunituhumu kwamba namlisha vitamu kwa siri. Tukanuniana nyumba nzima. Kidole kikageuka cheusi, na harufu yake ikawa inanifuata mpaka kwenye cherehani.

Tulipomrudisha kliniki, muuguzi alimwacha mama kwenye benchi nje, akatuita ndani na kutuuliza dawa tunaihifadhi vipi. Kaka alieleza yote, bila kuficha, tena kwa fahari. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kaka yangu, insulini ikiganda imeshaharibika," alisema. "Hata ukiiyeyusha, nguvu zake hazirudi. Mama mmekuwa mnamchoma maji tu."

Kaka akauliza kama kuna namna ya kuirudisha. Akaambiwa hakuna. Akauliza tena, kwa maneno yaleyale. Nilitaka kumzaba kibao palepale, lakini nikamvutia kiti.

Ikaamuliwa mguu ukatwe chini ya goti. Hospitali ilitaka malipo kwanza, nami sikuwa na kitu. Kaka akaenda nyumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililojaa pesa zote alizookoa kwenye umeme, maji na sabuni. Zilitosha kulipia upasuaji, na hazikubaki za kununulia hata magongo.

Mama alipozinduka alipapasa shuka pale mguu ulipokuwa. Baadaye akauliza nani amelipa. Nikamwambia ni kaka, kwa akiba yake. Akamshika mkono.

"Umeona?" akaniambia mimi. "Tungefuata mambo yako, leo ningekuwa nimekufa." Kisha akamgeukia kaka. "Mwanangu, usiache kubana. Mungu akuzidishie."

Kaka alinitazama akiniomba kwa macho nisiseme. Roho iliniuma, nikamchukia, nikamhurumia, na mdomo wangu haukufunguka.

"Na ile dawa yangu iliyobaki," mama akaendelea, "ni ghali. Uendelee kuitunza vilevile ulivyokuwa unaitunza."

"Ndiyo, mama," kaka akajibu.