Jicho la Tai

Picha ya ndege haiharibiwi na ndege. Huharibiwa na vinavyomzunguka: kitawi kinachopita mbele ya mdomo, mfuko wa plastiki ulionasa mtini, doa jeupe huko nyuma linalojipendekeza kwa mtazamaji. Kazi ya fundi wa picha ilikuwa kuvifuta hivyo vyote kwenye kompyuta, kimoja kimoja, mpaka macho ya mtu yasiwe na pa kwenda ila kwa ndege. Mumewe alipiga, yeye akasafisha, na kila mwaka wakatoa kalenda. Sasa mume alikuwa kaburini. Watu walisema aliteleza ukingoni mwa mwamba akipiga picha za tai, peke yake, na kamera ikaokotwa kwenye nyasi ikiwa nzima. Fundi aliapa kalenda ya mwisho itatoka, hata kama ataitengeneza akilia.

Mchana huo, kwenye chumba cha nyuma cha studio, alikuwa na picha ya siku ile ile ya mwambani, ya tai aliyetua karibu kabisa na kamera. Upande wa kushoto alikuwepo tai wa pili, amegeuza kisogo na kuvuta macho bure, kwa hiyo fundi akamkata. Akang'arisha manyoya ya yule aliyebaki, akafifisha majani ya nyuma. Jicho alilibakiza mwisho, kwa kuwa jicho ndilo roho ya picha. Ukilikosea, una ndege aliyekaushwa. Akalikuza mpaka likajaa kwenye kioo.

Ndani ya weusi wake mlikuwa na anga, na chini ya anga, watu. Mmoja amechuchumaa, kamera usoni. Wa pili amesimama nyuma yake, karibu mno.

Peke yake, ndivyo walivyosema wote.

"Hodi hapa! Shemeji, bado umegandia kiti tu?"

Alikuwa mdogo wa marehemu, ambaye ukoo mzima ulimwita Redio kwa sababu akianza hazimiki. Ndiye aliyelia kuliko wote msibani, na ndiye aliyewaeleza watu kwamba siku ile yeye alishinda mjini. Fundi aliirudisha picha kwenye ukubwa wake haraka haraka.

Redio aliinama begani kwake. "Loo, hapo umeua kabisa! Ila umemwonea yule mwenzake wa kushoto. Wangependeza wawili, huyu anatazama huku, yule kakupa kisogo."

Tai wa kushoto fundi alikwisha kumkata kabla Redio hajabisha hodi, na kadi ya kamera haikuwahi kutoka mikononi mwake tangu alipokabidhiwa. Hakuna aliyemjua yule ndege ila aliyekuwa pale mwambani. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, lakini hawakusema siku zote ni kichwa cha nani.

Redio akanyamaza. Tangu aolewe kwenye ukoo ule, fundi hakuwahi kumsikia akinyamaza.

"Kuza tena hilo jicho," akasema.

"La nini? Mbona liko sawa."

"Kuza, shemeji."

Akakuza. Wakawatazama wale watu wawili wadogo, pumzi ya Redio ikimpiga shingoni.

"Uchafu huo," akasema taratibu. "Kazi yako si kusafisha? Safisha."

Fundi aliogopa, aliogopa sana, na mkono ukatii. Akamfuta aliyesimama.

"Na huyo mwingine."

Akamfuta mumewe kwa mkono wake mwenyewe, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Na ile ya asili, iliyomo kwenye kadi. Usinifanye mjinga."

Akaifuta nayo. Redio akaenda mlangoni, akasukuma komeo, akarudi na kigoda na kuketi nyuma yake.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja."

"Basi imalizie. Mimi nipo. Ukimaliza tutatoka pamoja, nikusindikize."

Fundi aliomba moyoni iwe picha ya kichakani, yenye vijiti na nyaya na takataka za kila namna, kazi ya kutwa nzima, mpaka mteja yeyote aje agonge mlango. Akaifungua. Ilikuwa ya mwisho aliyopiga mumewe: tai ameshtuka, ameruka, mabawa wazi katikati ya anga tupu. Hapakuwa na hata jani moja la kufuta.