Bima Kubwa kwa Baiskeli ya Kutu

Fundi alikuwa na maoni kuhusu kila mtu, na hakuna hata moja lililokuwa zuri. Walioleta baiskeli kwake aliwaita wauaji wa baiskeli. Wasioleta aliwaita wauaji wanaojificha. Mafundi wenzake wa barabara ile, kwa maneno yake, walikuwa wapiga nyundo tu, watu ambao wakipewa saa ya mkononi wangeifungua kwa shoka. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ya mbao iliyokunywa oili miaka na miaka, na ukuta wa nyuma wenye kulabu mbili za kutundikia baiskeli. Humo ndani alikuwa mfalme, ingawa raia walikuwa wa kutafuta kwa tochi.

Lakini hakuna mtu ambaye Fundi alimdharau kama mume wa binti yake mkubwa. Kijana huyo alikuwa wakala wa bima. Alivaa tai juani, alibeba mkoba uliojaa fomu, na alipita nyumba hadi nyumba akiwauliza watu wazima na afya zao kwamba wakifa itakuwaje. Hivyo ndivyo Fundi alivyoieleza kazi ile, na alimbandika jina la Bwana Karatasi. Kijana alilisikia jina, akalimeza, akaendelea kumwita mkwewe baba. Siku moja mbele ya wageni Fundi alimwambia kwamba yeye ana watoto wawili tu, wote wa kike. Kijana alicheka pamoja na wageni, na wakati wa kuaga akasema, "Kwaheri, baba."

Jumamosi moja asubuhi kitinda mimba wa Fundi aliingia karakana akisukuma baiskeli yake, blauzi imemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa muuguzi wa zahanati, na kazi yake ilikuwa kuwazungukia wagonjwa majumbani kwao: waliopooza, wazee wenye vidonda visivyopona, wazazi waliojifungua juzi. Wagonjwa kumi na mmoja, na wa mwisho alikaa juu ya mlima. Alikunywa kikombe cha maji kwa pumzi moja, akaeleza kilichomleta. Zahanati ilikuwa imetoa agizo. Kuanzia Jumatatu, muuguzi asiye na bima ya baiskeli hatoki nje. Anarudishwa dirishani kugawa kadi, na wagonjwa wake anapewa mwingine.

Dirisha lile alilijua. Alikaa hapo miaka miwili, akiandika majina ya watu ambao hakuwahi kuwagusa hata mkono, na jioni alirudi nyumbani akiwa hana la kusimulia. Alisema waziwazi kwamba wakimrudisha pale ataacha kazi. Ndiyo maana alikuwa amempigia simu shemeji yake, na shemeji alikuwa njiani.

Fundi aliposikia nani yuko njiani, aliiweka spana mezani taratibu, kama mtu anayeheshimu matanga.

Kisha akaanza. Bima, alisema, ni dini ya waoga. Mtu mwenye akili hakati bima, anatumia akili yenyewe. Mwizi anaiba kwa macho kabla hajaiba kwa mikono, kwa hiyo mpofushe macho, umemaliza. Yeye baiskeli nzuri aliipaka rangi ya udongo, na kabla rangi haijakauka aliinyunyizia vumbi la kutu lililosagwa, hadi mtu akiiona anaihurumia. Ndani ni malkia, nje ni chuma chakavu. Na alama yoyote hakuweka, maana alama ni barua kwa mwizi. Katika miaka ishirini hajaibiwa baiskeli hata moja. Kinga yake ilikuwa dharau ya watu, nayo haidai fomu wala sahihi.

Binti alimwacha amalize. Hotuba hiyo aliijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani.

Baiskeli aliyokuwa ameiegemeza ukutani, kwa hesabu za Fundi, ilikuwa moja ya hizo malkia. Mwaka na nusu uliopita, alipopewa kazi ya kuzunguka, Fundi alimwundia kwa kipande kimoja kimoja: fremu nyepesi, magurudumu ya aluminiamu, habu za kisasa za kuzungushia magurudumu, zilizofungwa kabisa, gololi mpya. Katika kazi zote alizowahi kufanya, hiyo ndiyo aliyoipenda. Wakati huohuo binti yake mkubwa alikuwa anaolewa, na bwana harusi alistahili zawadi kutoka kwa mkwewe. Fundi alitafuta fremu iliyofanana na ile, nzito ya kumkomaza punda, akaifungia magurudumu yaliyokula kutu na habu zilizosaga kama mawe ya unga. Akaipaka rangi iliyobaki kwenye kopo lilelile. Alizitundika zote mbili, ya kitinda mimba kulabu ya kushoto, ya Bwana Karatasi kulabu ya kulia. Siku mbili baadaye, jua lilipotoka, alimwomba jirani azitoe nje zikauke vizuri na azirudishe.

Siku ya kuchukua zawadi hakutaka hata kumkabidhi kijana kwa mkono wake. Aliketi kwenye kigoda chake, akanyoosha kidole kuelekea ukutani, akasema chukua ya kulia. Kijana aliishusha mwenyewe, akashukuru mara tatu. Alipoondoka, Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Binti yake mdogo alikuja jioni akaichukua ya kushoto.

Tangu hapo binti alilalamika mara moja moja kwamba baiskeli ni nzito, hasa mlimani. Fundi alimjibu kwamba baiskeli haina neno, miguu ndiyo mizembe. Hakuifungua kuitazama, kwa sababu mashine nzuri haifunguliwi. Alipaka oili mnyororo tu, akaridhika.

Wakala alifika saa nne, tai shingoni, akiendesha zawadi yake. Aliiegemeza kwenye nguzo ya nje, akapiga hodi mlango ukiwa wazi.

"Shikamoo, baba."

Fundi aliitikia kwa sauti ya mtu anayekohoa.

Kijana alifuta benchi kwa leso, akaketi, akatandaza karatasi tatu. Alieleza kwamba kuna bima za aina tatu kwa baiskeli. Ya kwanza ni ya wizi peke yake. Fundi alitaka kujua kama kampuni itamkamata mwizi, akaambiwa hapana, akasema basi hiyo ni rambirambi. Ya pili ni ya wizi na uharibifu, ila haihesabu uchakavu wa kawaida. Fundi aliuliza nani anaamua uchakavu upi ni wa kawaida, akaambiwa ni kampuni, akatazama dari kwa muda mrefu. Ya tatu ni bima kubwa, inayomlipia hata mtu aliyegongwa, pamoja na matibabu ya mwendeshaji mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyotakiwa na zahanati.

"Yaani amgonge mtu kwanza ndipo nyinyi mfurahi," Fundi alisema. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wewe naona umenyolewa."

Kijana alitabasamu. Alimgeukia shemeji yake, akaendelea kwa upole. Bima kubwa ina sharti moja. Kampuni haipokei baiskeli mbovu. Wakala lazima aikague, aandike hali ya fremu, magurudumu na habu, na apige picha. Kwa jinsi ile ya shemeji ilivyoonekana kwa nje, picha ikifika ofisini watairudisha siku hiyohiyo.

Hapo ndipo Fundi alipofurahi. Alikuwa akiisubiri siku kama hii bila kujua. Alisimama, akachukua msasa na kitambaa chenye mafuta ya taa, akasema kwamba leo wasomi watajifunza kitu. Alimwambia kijana aandae kamera yake. Atakwangua kidogo tu kwenye habu ya nyuma, sehemu ya ukubwa wa shilingi, na Bwana Karatasi ataona tofauti kati ya watu wanaotazama na watu wanaojua.

Alikwangua. Rangi ya udongo ilitoka, na chini yake ikatokea kutu. Si ile aliyoinyunyiza yeye, hii ilikuwa kutu ya kuzaliwa, nyekundu, inayomomonyoka. Fundi aliguna, akahamia kwenye rimu. Kutu. Akakwangua fremu karibu na kiti, akaigonga kwa ukucha, ikatoa sauti ya bomba la maji. Kwa mara ya kwanza tangu aitundike ukutani, aliinua baiskeli ile kwa mikono yake miwili. Mabega yalimwambia kabla ya kichwa.

Macho yake yalielekea nje, mpaka kwenye nguzo. Aliiona ile nyingine imesimama pale, na karibu na habu ya nyuma, mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka kidogo, kitu cheupe kiking'aa juani.

Alielewa yote. Jirani alizitoa nje, jirani akazirudisha kinyume. Mwaka na nusu mtoto wake alikuwa amesukuma chuma kile kupanda mlima, na yeye akimwambia miguu mizembe. Aliona aibu, na kwa kuwa hakuizoea, alidhani ni kizunguzungu.

Kijana aliuona uso wa mkwewe ukisawijika, akasimama haraka kumshika mkono. Alisema kwa huruma kwamba pengine vipuri vimeibiwa. Baiskeli inaachwa nje ya zahanati kila siku, mtu amebadilisha magurudumu na habu, mambo kama hayo yeye huyaona kila wiki katika kazi yake.

Uongo huo ulikuwa wa bure, na umeletwa mpaka mlangoni. Fundi aliupokea.

"Wameibadilisha," alisema. "Wezi wa zahanati."

"Hata fremu, baba?" binti aliuliza.

Kijana ndiye aliyezungumza, tena kwa haya, akiichezea ncha ya tai yake. Alimwambia shemeji yake asihangaike, achukue ile ya kwake pale nje. Ataiandikia bima sasa hivi, na Jumatatu shemeji ataenda kazini kama kawaida. Halafu akamgeukia Fundi.

"Baba, nisamehe, leo nitasema. Nilianguka kwenye mvua mwezi wa pili tangu nioe, rangi ikabanduka, nikaona ulichonipa. Nilimwambia mke wangu, tukakubaliana tunyamaze, maana wewe hupendi kushukuriwa. Ndiyo maana ukinitania sikasiriki. Nikitukanwa njiani na watu, naitazama ile habu, najua nina mzazi."

Fundi aliitazama meza, akaitazama spana, akatazama kila kitu isipokuwa huyo kijana. Angeweza kunyamaza, na jambo lingeishia hapo. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshatandika kitanda, wa pili ulitakiwa kulala tu.

Lakini muuguzi hakuwa mtoto. Alikuwa na magoti yaliyomuuma kila usiku, na sasa alijua kwa nini.

"Baba, wewe uliniambia ya shemeji ni chuma chakavu," alisema. Hakupandisha sauti. "Siku ya harusi. Ulisema ataikanyaga mpaka ateme mapafu. Ulicheka, na mimi nikacheka na wewe."

Kijana alimtazama. Kisha akatazama baiskeli iliyokwanguliwa, kisha kulabu mbili ukutani, kisha ile iliyokuwa nje. Alikuwa mtu wa kukagua mali, na ukaguzi huu haukumchukua muda. Fundi alitamani aone hasira usoni pake, kwa sababu hasira angeijibu. Aliona tu uso kama wa mtu anayekunja kitu na kukirudisha mkobani.

Akaketi, akachukua kalamu, akajaza fomu ya bima kubwa. Alitoka nje, akapiga picha habu, magurudumu na fremu, akarudi. Alimweleza shemeji yake tarehe ya kuanza na namba ya kupiga akipata ajali, kwa upole uleule wa mwanzo. Binti alimwomba msamaha kwa kile kicheko, naye akasema yamepita. Kisha akaigeuza karatasi kuelekea kwa mzee, kwa kuwa ndiye aliyeunda baiskeli na ndiye aliyetakiwa kuthibitisha asili yake. Juu ya mstari wa sahihi palikuwa pameandikwa kwamba mtoa maelezo amesema ukweli wote na hakuficha lolote.

"Weka sahihi hapa, Fundi," alisema.

Kwa neno hilo Fundi aliitwa na barabara nzima, kila siku, na hakuwahi kulisikia likiwa baridi namna ile. Aliweka sahihi. Karatasi ikabaki na alama ya oili.

Kijana alizikusanya karatasi zake. Akaishika ile baiskeli ya kutu, akaipitisha mlangoni akiisukuma, akafunga mkoba nyuma yake. Fundi alimfuata mpaka barabarani, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona. Alimwambia aiache, ataifungua yote, ataitia magurudumu mapya na habu mpya, wiki moja tu, bila malipo. Alitafuta namna ya kuongeza "mwanangu," lakini neno lenyewe hakuwahi kulifanyia mazoezi, likamkwama.

"Inanitosha, Fundi," kijana alisema. "Ndiyo uliyonipa."

Akaikanyaga. Habu zilisaga mpaka kona, tai imemlalia begani, na Fundi alibaki amesimama pale na msasa mkononi hadi binti yake alipotoka, akamwambia anaondoka, ana mgonjwa wa kumwosha saa sita.