Landrova ya Bi Mgeni

Kaka zangu waliligawa gari kama watu wanavyogawa mirathi. Ngwali, mkubwa, alibaki na bodi na injini kwa sababu vilikuwa kwake tayari, chini ya banda la makuti. Shaame akachukua magurudumu yote, kabureta na plagi, akavipakia kwenye gari la ng'ombe akaenda navyo kwake, upande wa pili wa kijiji chetu cha Kengeja. Mimi mwanamke sikupata hata nati, ingawa ndimi niliyekuwa nikiwaoshea vyuma vyao kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikachubuka.

Ilikuwa Landrova kuukuu. Ofisi moja ya serikali iliichoka ikaiuza mnadani kwa bei ya kutupa, na kilichoinunua ni karafuu za Mama. Bi Mgeni, mama yetu, alisema amechoka kuona wagonjwa wakibebwa vitandani kwenda hospitali mjini Chake, wengine wakirudi na vitanda hivyo hivyo wamefunikwa. Akatoa mavuno yake yote ya msimu, akawaambia wanawe watengeneze. Ngwali alikuwa utingo wa lori miaka mingi na injini alizijua. Shaame alikuwa na subira. Kila alasiri ungewakuta uvunguni pamoja, miguu minne nje, wakitaniana. Bomba la rejeta walilitengeneza kwa mpira wa baiskeli, gasketi wakaikata kwenye kiatu cha marehemu baba. Sijapata kuwaona na furaha kama ile.

Ukaja mwaka wa sitini na moja, mwaka wa chaguzi mbili. Vijana wa leo hawaniamini nikiwasimulia. Mtu wa chama hiki hakupanda gari la mtu wa chama kile, hakununua dukani kwake, hakumzikia maiti wake. Ngwali akawa huku, Shaame huko. Siku moja wakatupiana maneno, nani atapakiwa na nani hatapakiwa gari likikamilika, na Shaame akafungua magurudumu. Tangu siku hiyo hawakupeana hata salamu. Gari likakaa juu ya magogo ya mnazi, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Wapumbavu wawili, na nilimwambia hivyo kila mmoja nyumbani kwake.

Kisha Mama, aliyekuwa akikaa kwa Ngwali, akaanza kuvimba miguu, pumzi zikawa zinamkatika. Daktari alikuwa Chake. Ngwali akaleta lori la watu wa chama chake. Mama akauliza kama Shaame atapanda naye, akaambiwa hapandi. Kesho yake Shaame naye akaja na lori la wenzake. Mama akauliza vilevile, akajibiwa vilevile, akageukia ukutani.

"Utakufa, Mama," Shaame akamwambia.

"Mie n'na gari langu," akasema Mama, akanigeukia mimi. "Siti, nitieni garini."

Nilidhani anaweweseka, kumbe akili zake zilikuwa timamu kuliko za sisi sote. Mimi na mke wa Ngwali tulimbeba, tukafukuza kuku, tukamkalisha mbele katika ile Landrova isiyo na magurudumu, mto mgongoni. Akasema hashuki mpaka limfikishe Chake, wanawe wote wawili wakiwa ndani, na atakayemshusha kwa nguvu hana radhi yake. Neno hilo kwetu halisemwi kwa mzaha. Ngwali alikaa chini pale pale, kichwa mikononi. Mimi nikajifunga kanga nikaenda kwa Shaame.

Shaame akaja na magurudumu, kabureta, plagi, na betri ya kuazima. Hakumsalimu kaka yake. Boneti walilitoa wakaliegemeza ukutani, wakaanza kazi. "Siti, mwambie huyo anipe jeki." "Siti, mwambie huyo kabureta imeingia mchanga." Nami nilipeleka na kurudisha, na huku wamesimama bega kwa bega. Lakini mikono yao haikuwa imegombana. Ngwali akinyoosha wake, Shaame anautia spana ile ile inayotakiwa, bila kuuliza.

Adhuhuri ikapita. Nilikuwa nimekaa kando ya Mama, nimemshika mkono. Alikuwa akiwatazama wanawe kupitia kioo, hapepesi. Pumzi zikazidi kupungua. Nikamsomea shahada sikioni, midomo yake ikanifuata mpaka mwisho. Kisha mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

Nilitaka kupiga ukelele. Nikawaangalia wale wawili, vichwa vimekutana juu ya injini, nikajua kwamba nikifungua mdomo wataweka spana chini, kila mmoja ataita watu wa chama chake, na mama yetu atazikwa na nusu ya wanawe. Nikamfumba macho. Nikamfunika kanga usoni, kama mtu anayekingwa nzi, na machozi nikayameza.

"Kalala?" Ngwali akaniuliza.

"Wacha maneno, fanya kazi," nikamjibu.

Shaame akakaza gurudumu la mwisho. Ngwali akazungusha hendeli, injini ikakohoa ikanyamaza. Akazungusha tena, jasho likimdondoka, mpaka ikawaka, banda zima likatetemeka. Akarukia usukani. Shaame alibaki amesimama nje na spana yake, hajui kama ana ruhusa ya kupanda.

Ngwali akamtazama. Hakunituma mimi.

"Panda, ndugu yangu," akasema. "Mshike Mama, njia mbovu."

Shaame akatupa spana. Nikampisha, akaingia, akamvuta Mama kifuani kwake kwa mikono miwili. Akaifunua kanga, akaweka shavu lake puani pa Mama. Akainua uso akanitazama, nami nikainamisha kichwa.

"Kaka," akasema, "zima gari."