Sehemu ya Mwisho

Msimu mzima nimemsaka muuaji wa yule tajiri wa duka la mavazi ya kimono. Kila Ijumaa jioni niko mbele ya televisheni, chai inanipolea mkononi. Ilipofika sehemu ya mwisho ya tamthilia hiyo, nikapangiwa zamu hospitalini. Nikatega mashine ya video ijirekodie yenyewe, nikamwambia mume wangu Kiyoharu, "Baba Ayaka, hii usiiguse hata kwa kidole." Alishawahi kunifutia tamthilia kwa kurekodi besiboli yake.

Asubuhi nikakaa na supu yangu ya miso, nikawasha. Besiboli. Nikapeleka mbele, bado besiboli. Mechi ilikuwa imepitiliza muda, na vipindi vyote vikasogezwa. Tamthilia ilianza kanda ikiwa imeshafika mbali. Mpelelezi akawakusanya washukiwa sebuleni, akanyoosha kidole, akafungua mdomo. Muda niliotega ukaisha, picha ikakatika.

"Baba Ayaka, jana ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, natazama mechi."

"Hukuona maandishi kwamba tamthilia itachelewa?"

"Niliyaona."

"Na mashine ukaiacha tu?"

"Si ulisema nisiiguse hata kwa kidole?"

Nikamgeuzia mgongo. Yeye akaendelea kunywa supu yake taratibu, roho yake safi kabisa.

"Usininunie, mama. Mechi ilipoisha niliona uvivu kuinuka, nikaitazama tamthilia yako mpaka mwisho. Nzuri kweli. Nani angedhani muuaji ni yule daktari wa meno."