Mionzi ni Mionzi

Mdomo huponza kichwa, lakini mdomo wa Maulid ulikiacha kichwa chake salama, ukamponza mkewe.

Maulid, Mzanzibari aliyehamia ughaibuni, mtaa wa Bordesley Green, alikuwa akipima maikrowevu kwenye karakana ya Charanjit. Hupitisha kipimo mlangoni, akatazama kama mshale umepanda, akabandika karatasi kwamba mionzi haivuji. Katika kitabu kikuukuu cha karakana alisoma habari za watafiti wa mwanzo waliowaweka sungura mbele ya mawimbi makali mpaka wakapata mtoto wa jicho. Akaipeleka hadithi nyumbani, akaitia chumvi. Tangu hapo mkewe, Nunu, kila akipasha maziwa, alitoka kusimama koridoni mpaka kengele ilie. Maulid alicheka miaka sita.

Mwaka 2005 Nunu akakutwa na saratani ya titi. Alipasuliwa, kisha daktari akataka apigwe mionzi.

"Ile ya sungura?" alimuuliza mumewe kwenye basi.

Maulid alikuwa amekufa ganzi tangu siku ya majibu. Hata kuogopa hakuweza. "Mionzi ni mionzi," alijibu.

Nunu akakataa. Daktari hakuficha: bila tiba hiyo saratani ingeweza kurudi. Ikaja barua ya mwisho kumtaka afike hospitali Jumanne saa tatu asubuhi.

Jumapili Maulid alileta kipimo nyumbani. Aliweka bilauri ya maji ndani ya maikrowevu, akaiwasha, akapitisha kipimo ukingoni mwa mlango. Mshale haukutikisika.

"Wale sungura walichomwa makusudi," alisema. "Hii haivuji, Mama Anisa. Haijapata kuvuja."

"Basi miaka yote nikisimama koridoni kwa nini?"

"Nilikuwa nakutania."

Nunu aliitoa bilauri, akaiweka mezani taratibu. "Na ya hospitali?"

Maulid alijua fika kwamba ile ni mionzi ya namna nyingine kabisa, na kipimo chake hakina habari nayo. Alijua pia nani aliyemtia hofu.

"Ni hivi hivi," alisema.

Jumanne Nunu akaenda. Maulid aliruhusiwa kuingia amtafsirie. Nesi alimlaza mgonjwa chini ya mashine, akamwambia asitikisike, kisha akasema wote watoke, hakuna anayebaki humu.

Nunu aligeuza macho tu. "Na wewe pia, Baba Anisa?"

Maulid alitoka nyuma ya nesi. Mlango mnene ulifungwa, naye akasimama koridoni, akingoja kengele ilie.