Asubuhi Injini ya Gotthilf Ilipoamka

Injini ilizunguka mara moja, ikapiga chafya, ikafa. Majirani waliokuwa wakienda kuvuna zabibu walijazana langoni kwetu, wakicheka hadi mbavu zikawauma. Mmoja akamtania mume wangu, Gotthilf, kwamba mtoto wake wa chuma anataka uji.

Mimi sikucheka. Mwaka ule wa 1889 baba mkwe, Mzee Leonhard, fundi aliyewavisha farasi wa mji mzima viatu vya chuma, alikuwa ameshatoa neno lake: karakana ni yake, na injini isipotembeza gari siku ya kwanza ya mavuno, ataivunja na kuiyeyusha. Siku yenyewe ndiyo hiyo, naye alisimama pale na nyundo yake. Na mzee yule akisema, amesema.

"Petroli imepoa mno, Rosine," Gotthilf alininong'oneza. "Haitoi mvuke."

Kila kipande alikuwa amekichonga kwa mkono wake. Ningewezaje kumwona akiokota vyuma chakavu?

Kwetu, baridi ikianza, mfuko wa kokwa za matunda ya cheri, ambazo hutunza joto, hupashwa moto jikoni, ukawekwa kitandani. Asubuhi ile ulikuwa kwenye tanuri kwa ajili ya mgongo wa mama mkwe. Nikauchomoa, nikaukumbatia, nikarudi mbio kifua kikiniungua, nikaufunga kwenye tangi la petroli kwa aproni yangu. Lo, walivyonicheka! Mke wa mwokaji mikate akasema sasa nimekuwa mkunga wa mabati.

Tukasubiri. Gotthilf akazungusha tena. Puu. Puu-puu. Halafu ikashika! Ikanguruma, madirisha yakatetemeka, kuku wakatawanyika, nami nikapiga vigelegele kama mwendawazimu. Furaha ile, hata leo nikiwa bibi mwenye wajukuu, bado inanipanda mwilini.

Tukapanda, gari likaanza kutembea, lenyewe, bila farasi. Mzee Leonhard akaja kusimama mbele yake, Gotthilf akalisimamisha. Mzee akainama, akalishika gurudumu, akalipapasa polepole kama alivyozoea kushika mguu wa farasi. Kicheko kikaisha langoni.

"Hili halivai viatu," alisema.

"Halivai, Baba."

Mzee akaliachia gurudumu. Kisha akajinyoosha, akawaambia majirani wapishe njia, akaenda mwenyewe kutufungulia lango.